Uwanja Usioota Nyasi

Mayige Mboje,
Manju wa ngoma,
Nyumba ya pili kutoka ghala lililoanguka,
Bariadi.

Jumatano, baada ya chakula cha mchana.

Kwa Afisa Mazingira,
Mradi wa Kusafisha Kiwanja cha Ghala la Zamani,
Bariadi.

YAH: MALALAMIKO MAKALI, YENYE HESHIMA, KUHUSU KUSAFISHWA KWA UWANJA WANGU WA NGOMA

Mheshimiwa Afisa, mpwa wangu Scola,

Mwangaluka mayu, nakusalimu kwa Kisukuma na kukuita mama. Kichwa cha habari umekiona hapo juu. Huu ndio mwili wake, na naomba uusome mpaka kwenye miguu, maana habari yenyewe ni ya mguu.

Natambua kwamba mimi ni mjomba wako, ndugu wa tumbo moja na mama yako Veronica, na kwamba ningeweza kuja nyumbani kwako, nikala wali, nikayasema haya yote nikiwa nimenyoosha miguu kwenye kochi lako. Nimekataa. Jambo hili ni la kiofisi. Siku ile mkutanoni uliniita "mzee mmoja wa mtaa huu", kana kwamba hujawahi kubebwa mgongoni kwangu na kunikojolea. Basi nami nimenunua karatasi ya mistari, nimeazima kalamu, na sasa tunaandikiana kama watu wasiojuana. Elimu yangu unaifahamu. Niliishia darasa la sita, tena si kwa kushindwa. Mwalimu aliniambia, "Mayige, yaliyobaki utayakuta njiani." Mpaka leo nayatafuta.

Kwa faida ya wakubwa wako (waoneshe barua hii, nimeiandika kwa hati ya Jumapili), nieleze kwanza uwanja ni upi. Ni kile kiwanja cha nyuma ya ghala la mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akisambaza dawa za pamba, akaondoka zamani kabla bati la mwisho halijaanguka. Mapipa yake aliyaacha. Mapipa yakazeeka kama tunavyozeeka wote, yakaanza kuvuja kama tunavyovuja baadhi yetu. Tangu nikijue, kiwanja hicho hakioti nyasi. Inyeshe mvua ya vuli, ya masika, hata ya mawe, hakioti. Pande zote majani yanafika magotini. Katikati peupe, kama sahani iliyolambwa. Mtu mwingine angeona kiwanja kibovu. Mimi niliona uwanja wa ngoma usiohitaji kulimwa.

Miaka kumi na minne tumefanya mazoezi hapo, peku, kila Jumapili tukitoka kanisani, na kila siku pamba ikishauzwa. Na kwa miaka hiyo kumi na minne kila aliyeuliza kwa nini nyasi hazioti, nimemjibu neno moja. Ni mguu wangu.

Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Kuuawa kwangu hadharani kwa kutumia spika.

Siku ya mkutano wa mtaa ulipanda juu ya meza ya Mektilda, yule muuza mboga, ukashika spika ukasema, "Ndugu wananchi, hapa nyasi hazioti kwa sababu dawa za wadudu na dawa za magugu zilivuja zikaingia ardhini." Ukashuka. Haikufika hata dakika moja. Mimi hadithi yangu ya nyasi huchukua saa nzima, hapo sijaimba.

Wewe mwenyewe hadithi hiyo umeisikia tangu ukiwa shule. Kwamba mwaka ule wa viwavi nilishindana hapo na Mashimba, manju wa Mwamapalala, siku tatu bila kukaa. Siku ya kwanza vumbi lilionekana mpaka Nyalikungu, watu wakaanua nguo. Siku ya pili mchwa wakahama. Walionwa njia ya Lamadi wamebeba mayai yao, wakubwa mbele, watoto nyuma. Siku ya tatu ardhi ikaiva kama ugali, nyasi zikasema basi, tumekoma. Nakiri kwamba zile siku tatu mwanzoni zilikuwa mchana mmoja. Zimeongezeka kidogo kidogo kwa kusimuliwa, kama mifugo inavyoongezeka. Lakini kwetu mwenye ng'ombe mia haulizwi alianza na wangapi.

Ulipomaliza kusema, Mektilda alinitazama kutoka kwenye kofia mpaka kwenye nyayo, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuuza: "Manju! Kumbe huo mguu wako ni wa kupulizia? Njoo kesho, nina viwavi kwenye kabichi!" Watu walicheka mpaka mtu mmoja akakaa chini. Toka siku hiyo nikipita sokoni naitwa Bomba la Mgongoni. Watoto wananipigia sauti ya bomba. Tssss, tssss. Nimekwenda kanisani, katekista mwenyewe nimemsikia.

2. Kuuita uwanja wangu mchafu.

Mmesimika bango: ENEO LILILOCHAFULIWA, USIINGIE. Chini yake fuvu na mifupa miwili iliyopishana. Mayu, uwanja ule nimeufagia kwa mikono hii. Hakuna mwiba. Hakuna mavi ya mbuzi, mbuzi wenyewe hawaingii. Siafu hawapiti. Inzi akitua anajuta. Kama kuna mahali safi Bariadi nzima ni pale, na mimi nilikuwa najivunia kwamba hata wadudu wana heshima na kazi yangu. Leo unaniambia kwamba kule kutotua kwa inzi ndiko uchafu wenyewe! Kwa elimu ya namna hii siku moja mtatufundisha kwamba jalala ndilo bustani.

Nilimwendea fundi aliyechora bango nikamuuliza lile fuvu ni la nani, maana paji lake linafanana na la ukoo wetu. Akasema ni la kawaida. Limeniuma zaidi.

3. Kushindanishwa bila taarifa.

Wewe ni Msukuma, taratibu za mbina unazijua. Wakubwa wako labda wametoka mbali, niwaeleze. Kwetu ngoma haipewi ushindi kwa uzuri. Manju wawili wanachagua siku, kila mmoja anasimama na kikundi chake upande wake wa uwanja, wanaanza wakati mmoja, na watazamaji wanakwenda wanakotaka. Kwenye watu wengi ndiko kwenye ushindi. Kwisha. Ndiyo maana kila manju ana mganga wake wa dawa ya mvuto, na ndiyo maana waganga wetu hawana shida ya kitoweo msimu wa ngoma.

Sasa basi. Jumatatu ile ya kwanza wakaingia wataalamu wako sita. Ovaroli nyeupe kutoka utosini mpaka kwenye viatu. Barakoa zenye midomo kama bata. Glovu za bluu. Wakazungusha utepe mwekundu na mweupe, wakajipanga mstari mmoja, wakaanza: wanainama, wanachota udongo kidogo, wanautia kwenye kichupa, wanainuka, hatua mbili, wanainama tena. Kwa pamoja! Scola, mimi nimefundisha watu kuinama kwa pamoja miaka kumi na minne, na mpiga ngoma wangu Anatoli mpaka leo anainama peke yake, wenzake wakiwa wameshainuka.

Watu walijaa. Bodaboda walishusha abiria katikati ya safari. Bibi mmoja alikuja na kigoda chake na mahindi ya kupukuchua, akaweka makazi. Nilihesabu mpaka mia mbili nikaacha kwa uchungu. Katika umanju wangu wote sijapata kuona watu mia mbili, ukiondoa siku ile ya mwanasiasa aliyegawa soda.

Nilifanya ambalo manju yeyote mwenye damu angefanya. Nilifunga njuga, nikaita kikundi, nikasimama upande huu wa utepe, nikaanza. Nilicheza vizuri, hata adui yangu angesema. Niliruka, nikajibinua, nikatoa na ule mtindo wa kutembea kwa magoti ambao daktari alinikataza. Tukawavuta watu kumi na mmoja. Nikajua sasa mambo yameanza. Kisha lile katapila lenu la kuchimbua likainua mkono wake juu, polepole, likatikisa kiganja, wanane wakageuka. Katika watatu waliobaki, mmoja alikuwa anangoja nimrudishie baiskeli yake, na mwingine ni mke wangu. Wa tatu alikuwa amesinzia.

Kwa hiyo nalalamika rasmi: mlishindana nami bila kunitaarifu, bila kuchagua siku, bila kutaja upande wenu, na kwa kutumia mashine. Naomba kwa maandishi jina la mganga wa wataalamu wako. Kama dawa yenyewe ni vile vichupa, niambie vinapatikana wapi.

4. Kuhamishwa kwa udongo niliousaga.

Nasikia mnachimba kwenda chini mita moja. Udongo mnautia kwenye viroba vikubwa, mnafunga, mnabandika namba, malori yanaupeleka mbali ukachomwe kwenye tanuri. Kisha unaletwa udongo mgeni, asili yake haijulikani, hauna shangazi hapa wala mjomba, na juu yake mtajenga soko lenye chumba cha akina mama kunyonyeshea watoto. Soko silipingi. Mke wangu analitaka, na mimi sipingi anachotaka mke wangu, huwa nachelewa tu kukubali. Ninachopinga ni udongo niliousaga kwa visigino kuondoka mjini umebandikwa namba, kama ng'ombe wa mahari. Na ng'ombe wa mahari angalau huagwa. Akiondoka kuna mtu anamtazama mpaka anapotelea.

Naomba kiroba kimoja kiandikwe jina langu. Wenye tanuri wakiuliza, waambiwe hicho hakihitaji kuni nyingi, kimeshapikwa.

5. Nyasi zenu kukosa adabu.

Hapa soma ukiwa umekaa. Kwenye pembe ya mashariki mlimwaga udongo mpya, mkapanda nyasi kwenye kitalu cha ukubwa wa mkeka wa kulalia, mkaweka kibao: JARIBIO. Siku ya tisa zikaota. Kijani kabisa, bila haya. Mtaa mzima ukaja kuzitazama kama mtu aliyejifungua mapacha. Wengine walizitazama kisha wakanitazama mimi.

Kesho yake asubuhi, kabla wataalamu wako hawajafika, nilivuka utepe. Hili naliungama mwenyewe, ukitaka kuniandikia faini andika. Nikavua viatu, nikapanda juu ya kitalu, nikacheza. Sikucheza kidogo. Nilicheza ule mtindo niliomshinda nao Mashimba, nikakanyaga kila jani peke yake, nikilisemesha. Nyasi zikalala chali. Mlinzi wenu Malimi alikuwa amesimama kwenye uzio na kikombe cha chai, akanitazama muda mrefu, akasema, "Mzee Mayige, ukimaliza kuzimwagilia jasho uniambie nifunge geti."

Nilikwenda nyumbani nikanywa uji nikiwa mtu mwenye amani. Saa nane mchana nikarudi kutazama maiti.

Zilikuwa zimesimama zote, mayu. Moja nadhani ilikuwa imerefuka.

Jambo hili nimelifikiria kwa muda mrefu kuliko nilivyofikiria ndoa yangu, na nimefikia hitimisho kwamba nyasi zile zimetoka nje ya mkoa na hazinijui. Huwezi kumwogopa mtu usiyemjua. Naomba jaribio lirudiwe kwa nyasi za hapa hapa Simiyu, zenye kumbukumbu. Mpaka hapo jaribio hilo silitambui.

6. Damu.

Hili ndilo lililonifanya niandike. Hayo mengine nilikuwa nashika kasi.

Ulikuja nyumbani kwangu na daftari, umeongozana na muuguzi. Ukasema kila aliyecheza peku pale anatakiwa apimwe damu, kwanza akina mama wanaonyonyesha na watoto wadogo. Ukataka orodha ya kikundi changu. Nikakujibu kwamba wachezaji wangu ni mia tatu na orodha iko kichwani, na kichwa changu hakitoi nakala. Muuguzi akacheka. Wewe hukucheka. Ulisema, "Mjomba, nakuomba." Hukusema kama afisa. Kwa sababu hiyo nilikasirika zaidi.

Elewa shida yangu. Wachezaji wangu hawataki kwenda. Si kwamba wanaogopa sindano; hawa ni watu wanaocheza wamevaa chatu shingoni. Hawaendi kwa sababu nimewachanja. Kila anayeingia kwangu namkata chale tatu kwenye kifundo cha mguu, napaka dawa yangu, namwambia, "Sasa ardhi haina ubavu nawe." Wameliamini neno hilo kuliko mimi nilivyokuwa nalisema. Nyanjige, mwimbaji wetu, yule mwenye sauti ya kufanya ng'ombe waache kunywa maji, alimjibu muuguzi wako mbele yangu: "Manju akienda kupimwa, na mimi nitakwenda. Asipoenda, ndiyo kusema dawa yake inatosha." Na wenzake wakaitikia kama wanavyoitikia wimbo, wote, hata Anatoli, na safari hii kwa wakati.

Sasa nikienda, nimetangaza kwamba dawa yangu si kitu. Nisipoenda, hawaendi. Umeniingiza kwenye zizi lenye mlango mmoja, na mlangoni amesimama dume.

Habari ya mtoto wa Nyanjige sitaizungumzia hapa. Ana mwaka mmoja na miezi minne, anaitwa Elizabeth. Mama yake akiimba, yeye alikuwa anakaa chini, pale kwenye kivuli cha ukuta uliobaki. Mama alitaka kumwacha kwa bibi yake. Mimi nikasema wa nini, mkalishe hapa, hapa hapana mwiba, hapa hata mdudu hapiti. Watoto wa umri huo unawajua, kila wanachookota wanakionja. Anakohoa tangu mwezi uliopita. Watoto wote wanakohoa. Macho yanamtoka machozi bila kulia, na miguu yake haijakaza, anasimama kidogo anakaa. Wako watoto wanaochelewa. Hata wewe ulichelewa. Nimesema sitaizungumzia na siizungumzii.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Afisa, kwa moyo mkunjufu na kwa kuona mbali, naomba ofisi yako itekeleze yafuatayo.

Kwanza, niandikiwe barua yenye muhuri inayothibitisha kwamba damu ya Mayige Mboje ni safi, na tarehe yake iwe ya kabla ya kupimwa. Nikishaipata barua hiyo mkononi nitakuwa tayari kupimwa siku yoyote.

Pia bango la fuvu ling'olewe, na mahali pake pawekwe jingine lenye maneno haya: HAPA NYASI ZILISHINDWA. Jina si lazima. Wanaojua watajua.

La mwisho ndilo kubwa. Mkimaliza kuchimba kwingine kote, katikati ya hilo soko mniachie kipande cha hatua nne kwa nne ambacho hakijasafishwa. Kizungushiwe uzio mzuri, kiwekwe taa ya sola, ili akina mama wakija kununua nyanya waoneshe wajukuu wao mahali ambapo hakuna kinachoota. Najua utasema ni sumu. Mimi nakuuliza, je, ni bora kuwa na soko salama katika mji usio na hadithi, au kuwa na kasumu kadogo, ka hatua nne tu, na jina la mjomba wako likadumu? Nilipoiandika hoja hii niliona ni nzito. Nikaisoma tena nikaona bado ni nzito, ila imeelemea upande mmoja.

Nimemaliza. Msalimie mama yako Veronica, mwambie jembe lake liko kwangu, halijaibwa, limekuja kutembea. Msalimie mumeo, mwambie ile hadithi ya mamba nilimkatishia, kuna sehemu nzuri imebaki. Wasalimie wataalamu wote sita, hasa yule wa mwisho kwenye mstari, ana kiuno; akichoka na serikali nina nafasi. Malimi usimsalimie.

Ni mimi mlalamikaji wako mtiifu, niliyekubeba kabla hujawa na cheo,

Mayige Mboje,
Manju.

Nakala: Kwangu mwenyewe, kwa kuwa wengine wote wameshacheka.

NYONGEZA, Ijumaa jioni.

Mpwa wangu, barua hii imekaa kwenye mfuko wa shati siku mbili. Nilikuwa natafuta maneno makali zaidi ya kuongeza. Badala yake naongeza haya.

Jana Nyanjige alikuja na mtoto mgongoni. Nilimpa kiti, hakukaa. Akasema, "Manju, leo sijaja kwa manju. Nimekuja kwa baba mwenye watoto. Ile dawa uliyotuchanja ilikuwa dawa ya nini?"

Nilifungua mdomo. Mdomo wangu unaujua, ulikuwa na majibu manne tayari, moja lina simba ndani. Mtoto akachungulia kutoka nyuma ya bega la mama yake, akanyoosha mkono akanishika pua. Hakuvuta. Alishika tu.

Nikasema, "Ni majivu ya magunzi na chumvi."

Akasema, "Basi?"

Nikasema, "Na maneno."

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana, kwenye matusi nina uzoefu. Alimfunga mtoto vizuri, akasema, "Haya, twende ukawaambie wenzangu. Mimi nikiwaambia hawataniamini."

Tukazunguka nyumba kwa nyumba mchana kutwa. Scola, kusema uongo miaka kumi na minne ni kazi nyepesi, mtu anaifanya huku anakula karanga. Kuurudisha mlango kwa mlango ndiyo kazi ya punda. Wengine walicheka, wengine walifunga mlango. Mama mmoja alinyanyua gauni akatazama chale zake kwenye kifundo kama anaziona kwa mara ya kwanza. Anatoli alikataa kabisa kuniamini. Akasema, "Manju, najua unatupima imani." Ikabidi nimwapie kwa kaburi la marehemu baba kwamba mimi ni mwongo. Akafikiri, akasema, "Na hicho kiapo je?" Tulimaliza nusu saa pale mlangoni.

Leo asubuhi tumepimwa. Nilikaa wa kwanza kwenye kile kiti. Orodha iko nyuma ya karatasi hii. Si watu mia tatu. Ni kumi na wanne, na mtoto. Wawili kati yao wamehamia Lamadi kuuza samaki. Namba zao nimeandika, wapigie wewe, simu yangu hawapokei.

Kwa hiyo malalamiko yangu namba moja mpaka namba sita usiyafanyie kazi. Karatasi usiichane, hati ni nzuri. Zile hatua nne kwa nne sizitaki. Chimbeni zote, na pale kwenye kivuli cha ukuta chimbeni kwanza, kabla ya kwingine, na mita moja isipotosha ongezeni. Ukitaka mtu wa kuonesha mahali penyewe, napajua mpaka mtoto alipokuwa anaweka mkono.

Muuguzi amesema damu imepelekwa Mwanza na majibu ni wiki tatu. Ya mtoto yakitangulia, yalete siku hiyo hiyo, hata kama mvua inanyesha. Yangu hata mkiyasahau kwenye droo si neno. Nina miaka hamsini na mitatu, sijawahi kujua kilichomo ndani yangu.